Kabla ya Lugha ya Tano, Jifunze Git

Kila chuo kinapofunguliwa napata ujumbe ule ule. Kijana amepata nafasi ya kusomea sayansi ya tarakilishi, amefurahi, na ana swali moja: "Kaka, nianze na lugha gani? Python ama Java? Nasikia siku hizi Rust ndiyo inalipa."

Nimelijibu swali hilo mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hivyo leo nalijibu hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia anwani ya ukurasa huu. Jibu langu ni: lugha yoyote. Ile watakayokufundisha mwaka wa kwanza inatosha. Wanafunzi wengi ninaowaona wakikwama hawakwamishwi na lugha. Wanajua kuandika msimbo, lakini hawajui kuutunza, hawajui kuuchunguza unapokataa, na hawajui kurudi nyuma wakishaharibu. Hiyo ni kazi ya vifaa, na vifaa ndivyo visivyofundishwa.

Ngoja niwaeleze nilivyojifunza haya, maana nilijifunza kwa uchungu.

Mwaka wetu wa mwisho tulifanya mradi wawili wawili. Mwenzangu alikuwa rafiki yangu wa tangu mwaka wa kwanza, mtu tuliyekula naye sahani moja. Tuligawana kazi: yeye kurasa, mimi hifadhidata na hesabu. Tulikuwa na flashi moja ya kubebea kazi, na ndani yake folda zenye majina mnayoyajua nyote: mradi, mradi_mpya, mradi_mwisho, mradi_mwisho_KABISA, mradi_mwisho_KABISA2. Jioni moja, siku chache kabla ya kuwasilisha, mwenzangu alibandika folda yake juu ya yangu. Tarakilishi ikamwuliza kama ana hakika anataka kubadilisha faili zilizopo. Akasema ndiyo. Wiki mbili za kazi yangu zikaenda, kwa sababu kwenye laptopu yangu nilikuwa nimeshafuta "takataka za zamani" ili nipate nafasi.

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tuliwasilisha mradi nusu, tukapata alama nusu, na hatukusemezana kwa zaidi ya mwaka mmoja. Leo nikikumbuka, najua hakuwa na kosa. Sisi wote wawili tulikuwa tunafanya kazi ya watu wawili kwa mkono mmoja na flashi moja, na hakuna mtu hata mmoja katika miaka minne aliyetuambia kwamba tatizo hilo lilikuwa limeshatatuliwa zamani.

Basi, hivi ndivyo vifaa vyangu vitano. Vyote ni bure, na vyote vinafanya kazi hata kwenye laptopu ya mtumba.

1. Git

Mnajua Git ilivyozaliwa? Watu wanaotengeneza kiini cha Linux walikuwa wakitumia programu ya kampuni iitwayo BitKeeper kutunza msimbo wao. Mwaka 2005 ruhusa ya kuitumia bure ikaondolewa baada ya mzozo. Linus Torvalds akaketi mwanzoni mwa Aprili kuandika yake mwenyewe, na tarehe 7 Aprili 2005 Git ilikuwa tayari inatunza msimbo wake yenyewe. Kufikia Juni mwaka huo huo, toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa limesimamiwa na Git. Siku chache za hasira zikatuzalia kifaa ambacho karibu kila kampuni ya programu inakitumia leo.

Inafanya nini? Kila unapofikia hatua fulani unaandika git commit, nayo inahifadhi picha ya mradi wako wote wakati huo, pamoja na jina lako, saa, na maelezo uliyoandika. Ukiharibu kesho, unarudi jana. Ukitaka kujaribu wazo la kichaa, unafungua tawi lako pembeni. Likikataa unalifuta, na mradi wenyewe haukuguswa.

Na ule mkasa wetu wa flashi? Git ingekataa. Mwenzangu angejaribu kusukuma kazi yake juu ya yangu, na Git ingemwambia kwamba kule kuna mabadiliko ambayo hana, ayachukue kwanza. Akiyachukua, na ikawa sote tumegusa mstari ule ule, ingetuonyesha mistari yote miwili na kutuambia tuchague. Mngechagua mkiwa mmeketi pamoja, mkinywa chai.

Jambo la pili ambalo mwanafunzi wa Kenya anapaswa kulipenda: Git haihitaji mtandao. Historia yote iko kwenye laptopu yako. Bando likiisha usiku wa manane unaendelea kufanya kazi na kuhifadhi, na kesho ukipata Wi-Fi ya chuo unatuma mabadiliko tu, si mradi mzima upya. Watu wengi hudhani Git na GitHub ni kitu kimoja. Hapana! GitHub ni tovuti iliyokuja mwaka 2008, na Microsoft waliinunua mwaka 2018. Git yenyewe ni programu iliyo kwako, na hata ile flashi yako inaweza kuwa mahali pa kusukumia kazi. Lakini sukuma mahali pengine pia, tafadhali. Historia nzuri ndani ya laptopu iliyoibwa kwenye matatu haimsaidii mtu.

Jambo la tatu linaitwa git bisect, na karibu hakuna mwanafunzi anayelijua. Tuseme mradi una hatua 1,000 zilizohifadhiwa. Ya kwanza ilikuwa nzima, ya mwisho ina hitilafu. Iliingia wapi? Git inakupeleka katikati na kuuliza: hapa ni pazuri au pabaya? Ukijibu, inatupa nusu na kukupeleka katikati ya nusu iliyobaki. Baada ya majibu kama 10 hivi unaonyeshwa hatua yenyewe iliyoleta balaa. Ni ile ile hesabu ya kutafuta kwa kugawa nusu mliyofundishwa darasani, ila sasa inakuokolea usingizi.

Onyo moja. Usiweke maneno ya siri wala funguo za malipo ndani ya hazina ya Git. Na ukishaweka, kulifuta faili hakutoshi, kwa sababu historia inakumbuka kila kitu! Ufunguo uliowahi kuonekana hadharani ubatilishe, uchukue mwingine. Kisha jifunze faili la .gitignore ni la nini.

2. Terminali

Lile dirisha jeusi. Najua linatisha. Lakini seva nyingi utakazokutana nazo kazini hazina picha wala kipanya, zina dirisha hilo tu.

Nguvu yake ni kuunganisha programu ndogo ndogo, wazo lililoingia katika Unix mwaka 1973, mwaka ambao grep nayo ilianza kutumika. Grep inatafuta, sort inapanga, uniq inahesabu vinavyofanana. Ukiwa na faili la kumbukumbu za seva lenye mistari laki tano na unataka kujua ni kosa gani linajirudia zaidi, unaandika:

grep HITILAFU seva.log | sort | uniq -c | sort -rn | head

(Kama kila mstari unaanza na saa, kata saa kwanza kwa amri ya cut, la sivyo hakuna mistari miwili itakayofanana.) Jaribuni kufanya hivyo kwa kufungua faili lile kwenye programu ya majedwali, kwenye laptopu yenye RAM ya GB 4, halafu mniambie!

Walio na Windows msiniambie hamna Linux. Ukisakinisha Git kwenye Windows inakuja na Git Bash, na hiyo inatosha kuanzia.

3. Dibaga

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanafunzi, na baadhi ya walimu wao, hutafuta makosa kwa kutawanya print kila mahali. "Nimefika hapa." "Nimefika hapa 2." "KWA NINI???" Mimi pia nafanya hivyo, sikatai. Lakini ikiwa ndiyo njia pekee unayoijua, unapapasa gizani na taa iko mfukoni.

Mfano. Kijana mmoja alitengeneza programu ya chama cha akina mama. Mwanachama alidaiwa riba ya senti 10, ikaongezwa ya senti 20, akalipa senti 30. Programu ikaandika salio 0.00, halafu chini yake ikasema mama huyu bado ana deni. Kijana aliweka print, ikamwonyesha 0.00. Akaongeza print nyingine, 0.00 tena. Siku mbili!

Nilimwambia aandike breakpoint() kabla ya mstari unaoamua, amri ambayo Python inayo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2018. Programu ikasimama pale pale. Akaandika p salio. Jibu: 5.551115123125783e-17. Si sifuri! Ile print yake ilikuwa inakata tarakimu na kubakisha mbili, ikimficha ukweli. Tarakilishi haiwezi kuandika 0.1 kikamilifu katika namba za jozi, kama vile sisi tusivyoweza kumaliza kuandika theluthi moja kwa desimali. Dawa ni kuhesabu pesa kwa senti nzima, namba kamili, bila desimali.

Dibaga ya Python ina herufi nne za kuanzia: n kwenda mstari unaofuata, s kuingia ndani ya amri, p kuonyesha thamani, c kuendelea. Dakika kumi unazijua. Lugha nyingi zina yake, na VS Code itakuwekea vitufe. Sababu ninayoipenda zaidi si kasi. Ukiitazama programu ikitembea mstari kwa mstari, unaona ile picha uliyokuwa nayo kichwani ilivyokuwa ya uongo.

4. SQLite

Nimeona wanafunzi wakipoteza wiki nzima wakisakinisha seva ya hifadhidata inayokataa kuwaka kwa sababu programu nyingine imeshika lango lile lile. Na mradi wenyewe ni wa maktaba ya shule yenye vitabu 300!

SQLite haina seva. Hifadhidata nzima ni faili moja. D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000 na akaiweka mikononi mwa umma, bila leseni ya kukufunga. Imo ndani ya simu za Android na iPhone, kwa hivyo huenda unasoma haya ukiwa na hifadhidata kadhaa za SQLite mfukoni. Python inakuja nayo tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Na imetengenezwa ili muamala ukamilike wote au usiwepo kabisa, hata stima ikikatika katikati. Nyinyi mnaoishi ninakoishi mnajua kwa nini nimelitaja hilo.

Jifunzeni SQL hapo, na jambo la kwanza mjaribu ni hili: ongezeni mtu aitwaye Ng'ang'a. Ukiwa unaunganisha maneno kutengeneza amri ya SQL, ile alama katikati ya Ng' itavunja amri yako vipande. Tumia alama ya kuuliza mahali pa thamani na uiachie SQLite iweke jina lenyewe. Nimewahi kuona mfumo uliokuwa ukitumika, na umelipiwa, ambao karani alikuwa ameagizwa aandike "Nganga" na "Muranga" bila alama ili "usikatae". Jina la mtu likabadilishwa kwa sababu ya uvivu wa mwandishi wa programu! Na kasoro hiyo hiyo ndiyo mlango ambao mhalifu huutumia kuingiza amri zake kwenye hifadhidata yako. Ng'ang'a amekufanyia ukaguzi wa usalama bila malipo, mshukuru.

5. curl

Daniel Stenberg wa Sweden alikuwa anataka roboti yake ya mazungumzo ijue viwango vya kubadilisha fedha kutoka mtandaoni. Kutoka hapo ikakua curl, iliyopata jina hilo mwaka 1998. Inatuma ombi kwenye seva na kukuonyesha jibu likiwa uchi, bila kivinjari kulipamba.

Kila mwanafunzi wa Kenya anataka mradi wake upokee M-Pesa, na tangu mwaka 2017 Safaricom wana Daraja, ambayo ina mazingira ya majaribio. Vizuri. Lakini kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu yako, tuma ombi kwa curl -v na usome jibu. Likiwa 401, wewe hujajitambulisha sawasawa: ufunguo au tokeni ina kasoro. Likiwa 400, ombi lako limeandikwa vibaya. Likianza na 5, tatizo liko kwa seva, kanywe maji. Wengi huyakoroga haya matatu pamoja ndani ya fremuweki, halafu wanaandika "Daraja haifanyi kazi".

Na kihariri je?

Chochote! VS Code, iliyotoka mwaka 2015, ni nzuri na ni bure. Mimi hutumia Vim, na sitamlazimisha mtu. Ila kuna jambo moja ambalo watu wa Afrika Mashariki hawalijui. Kwa miaka mingi, ukiifungua Vim bila faili, ilikuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Aliyeitengeneza, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991, na baadaye akaenda kujitolea huko Kibaale, kusini mwa Uganda. Aliporudi kwao akaamua kwamba anayetaka kuilipia Vim awachangie watoto wa kule. Alifariki mwaka 2023. Programu iliyo kwenye seva za dunia nzima, na malipo yake yalikuwa karo za watoto wa jirani zetu.

"Lakini siku hizi kuna akili bandia..."

Nilijua mtasema. Copilot ilionekana mwaka 2021, ChatGPT ikaja Novemba 2022, na leo kijana anaweza kupata mradi mzima kabla chai haijapoa. Mimi pia nazitumia. Sina haya.

Ila tazameni kazi imehamia wapi. Zamani ugumu ulikuwa kuandika mistari 300. Sasa mistari 300 inakuja kwa sekunde, na ugumu ni kujua ni ipi kati yake inayodanganya. Utajuaje bila git diff kuona nini kilichobadilika? Utaichunguza vipi bila dibaga? Utarudi vipi nyuma ikiwa imevuruga faili 12 kwa mkupuo? Vifaa hivi vya zamani vimekuwa vya lazima zaidi, si kidogo zaidi. Kanuni yangu ni moja: usihifadhi mstari usioweza kumweleza mwenzako. Uliza akili bandia ikueleze, sawa, lakini mwisho wa siku jina lililo kwenye ile commit ni lako.

Nimeketi upande wa pili wa meza, nikiwahoji wanaotafuta nafasi ya uanagenzi. Wasifu una lugha tisa. Ninawapa programu ndogo yenye kosa moja na kusema, "Nionyeshe linapotokea." Wengi wananitazama tu. Si wajinga! Hawajawahi kuonyeshwa. Na hilo linaniuma, kwa sababu wazazi wao wameuza ng'ombe kulipa karo.

Kwa wahadhiri, kwa heshima

Nawaomba jambo moja. Msipokee tu mradi uliokamilika. Ombeni na historia yake ya Git.

Sote tunajua kuna watu wanaouza miradi ya mwaka wa mwisho, wanatangaza bila woga. Mradi ulionunuliwa huja na hatua moja, iliyohifadhiwa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Mradi uliofanywa una miezi mitatu ya "nimerekebisha", "nimeharibu tena", "sasa naona inafanya kazi". Ndiyo, historia inaweza kughushiwa, tarehe pia. Lakini chagueni hatua tatu, mketi na mwanafunzi dakika kumi, mmwulize kwa nini alibadilisha kila moja. Aliyeifanya kazi ataongea mpaka mmzuie. Na katika miradi ya vikundi mtaona nani alifanya na nani alipanda mgongo wa mwenzake, bila wao kugombana.

Kama chuo chenu hakina nafasi ya somo hili kwenye mtaala, hamko peke yenu. Hata MIT kule Marekani waliona wanafunzi wao wanahitimu bila kufundishwa terminali, vihariri na Git, na mwaka 2020 wakafundisha mfululizo mfupi wa mihadhara kuhusu hayo tu. Iko bure mtandaoni, na video zake pia.

Na wewe mwanafunzi, usingoje mtaala. Jumamosi hii chukua kazi yoyote ya darasani uliyonayo. Andika git init. Hifadhi. Haribu kitu makusudi, kisha kirudishe. Weka breakpoint mahali ambapo una uhakika unajua kinachoendelea, uone kama kweli unajua. Ongeza Ng'ang'a kwenye hifadhidata. Ni kazi ya siku moja, na bando lake halizidi la kutazama video mbili tatu.

Yule mwenzangu tulipatana, kwa wanaotaka kujua. Sasa hivi tunafanya mradi mdogo pamoja, yeye yuko Eldoret na mimi Nairobi. Juzi tuligusa mstari ule ule. Git ikatuonyesha yote miwili. Tukachagua wake.